“Kawaida ya Nani?”: Kisa cha mchezo uliozaliwa mezani Kampala

Kisa hiki ni cha kikundi cha wachezaji wa Kampala waliotunga mchezo wao wenyewe, wakauchapisha kwa fedha zao, kisha wakagombana kabla hawajauza hata nakala moja. Niliitwa kusuluhisha kwa kuwa naendesha jioni za michezo za vijana, na baadhi yao walipitia kwangu. Wote wamekubali kisimuliwe. Majina, mtaa, kazi za watu na jina la mchezo nimeviondoa au kuvibadilisha. Mchezo nitauita Mkuki, na watu nitawaita kwa nafasi zao: Mbunifu, Mwenye Shanga na Mchoraji.

Nakiandika kwa sababu vijana wanaoanza kwa kucheza michezo ya wahusika na baadaye kutaka kutunga yao ni wengi, na karibu wote hutunga wakiwa ndani ya kikundi cha marafiki. Kikundi hicho ndicho kinachowapa mawazo, wachezaji wa majaribio, wasomaji wa kwanza na hata mtaji. Ndicho pia kinachoumia wa kwanza mambo yakienda kombo.

## Usuli

Kwa asiyeujua mchezo wa namna hii: watu watatu hadi sita huketi mezani, mmoja akawa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki akabeba mhusika wake. Msimulizi anaeleza mahali na tukio, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu hurushwa. Si lazima kuwe na ubao, wala hakuna mshindi. Unaojulikana kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na ndio kikundi hiki kilianza nao.

Walianza 2021, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Facebook nayo ilikuwa imefungwa nchini tangu Januari ya mwaka huo, kwa hiyo wakakutania WhatsApp na kucheza kwa ujumbe wa sauti: msimulizi anatuma dakika mbili za maelezo, wengine wanajibu kila mtu akipata bando. Pigano moja na majambazi wa darajani lilichukua siku tisa. Nililipenda jambo hilo tangu niliposimuliwa, maana watu wanaoweza kungoja siku tisa kujua kama mwenzao ameanguka mtoni ni watu wanaopendana.

Walikuwa saba, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Kampala hilo huwashangaza wengi, lakini kwao lilikuwa la kawaida kabisa. Mbunifu alizaliwa kambini, mtoto wa askari, na kambini Kiswahili ndicho cha kila siku. Wawili walitoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mmoja ni Mwacholi, mmoja alikulia Nairobi. Wangecheza kwa Luganda, wanne kati yao wangebaki nyuma. Kiingereza walikijaribu wakakiacha. Mmoja aliniambia kiliwafanya waongee kama watu walio kwenye usaili wa kazi.

Mwaka 2022 walianza kukutana ana kwa ana, Jumamosi jioni, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi. Dadu ya pande 20, ambayo Dungeons & Dragons haiendi bila hiyo, hawakuipata dukani, wakawa wanatumia programu ya simu. Simu ikizima chaji, mchezo umekwisha.

Kilichomsukuma Mbunifu kuandika mchezo wake kilitoka mbali. Tangu mwaka 2000 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zilikuwa na leseni ya wazi iliyowaruhusu wengine kuzitumia katika kazi zao. Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya iliyotaka wabunifu watoe taarifa za mapato yanapofika dola 50,000, na walipe asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000. Hakuna mtu kwenye chumba kile aliyekaribia hata sehemu ndogo ya fedha hizo. Lakini Mbunifu alikuwa amejaza madaftari mawili ya visa vilivyosimama juu ya kanuni hizo, na aliogopa kujenga kwenye kiwanja cha mtu. Tarehe 27 mwezi huohuo kampuni inayomiliki mchezo huo ilirudi nyuma, ikaziweka kanuni hizo, kurasa kama 400, chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu mtu kuzitumia hata kwa biashara, mradi ataje zilikotoka. Wakati huo Mbunifu alikwishaandika kurasa kumi za kwanza za Mkuki, kwa dadu za ludo ambazo kila nyumba inazo.

## Jinsi mambo yalivyokwenda

Mkuki umejengwa juu ya simulizi ya Waluo wa kaskazini mwa Uganda, Waacholi na Waalur wakiwamo, kuhusu ndugu wawili, Labongo na Gipir, ambaye Waalur humwita Nyipir. Gipir alichukua mkuki wa nduguye kumfukuza tembo, tembo akaondoka nao mwilini. Labongo akakataa fidia yoyote. Akataka mkuki uleule. Gipir akaufuata hadi nchi ya tembo, akarudi nao, na shanga alizopewa huko. Siku moja mtoto wa Labongo akameza shanga moja, na sasa ikawa zamu ya Gipir kutaka ileile. Mtoto akapasuliwa. Ndugu wakatengana Pubungu, karibu na Pakwach, mmoja akavuka Nile kwenda magharibi, mwingine akabaki mashariki. Katika Mkuki, wachezaji ni vizazi vya pande hizo mbili wanaojaribu kuvuka tena.

Kanuni za dadu zilifuata mtindo uliosambazwa na Apocalypse World ya mwaka 2010, mtindo ambao waandishi wake wamewaachia wabunifu wengine kuutumia. Unarusha dadu mbili za pande sita. Ukipata 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 kushuka umeshindwa.

Shanga zilikuja baadaye, na siku zilipokuja inabidi niieleze vizuri, kwa kuwa ugomvi wote unarudi pale. Umeme ulikuwa umekatika, wanacheza kwa tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Mhusika wa mchezaji mmoja alikuwa anavuka mto usiku. Akarusha, akapata 6. Amezama. Mwenye Shanga akavua bangili yake, akakata uzi kwa meno, akasukuma ushanga mmoja mwekundu hadi mbele ya mwenzake, akasema: “Chukua. Sasa ni saba. Ila utanirudishia, na siku nitachagua mimi.” Walionisimulia, watatu kwa nyakati tofauti, wote walikumbuka kimya kilichofuata. Kuanzia Jumamosi ile kila mtu alikuja na shanga zake. Deni la shanga likawa ndilo linalowaunganisha wahusika, kama ilivyo kwenye simulizi yenyewe.

Kwa zaidi ya mwaka walicheza hivyo. Mbunifu aliandika akirudi nyumbani usiku. Mchoraji alichora wahusika wa wenzake kwenye karatasi za daftari na kuwapa kama zawadi. Kila kitu kilirushwa kwenye kundi la WhatsApp: kanuni, picha, majina ya vijiji, malalamiko. Hakuna aliyeandika ni nani ametoa nini. Nani angeandika? Walikuwa marafiki.

Kijitabu kilipofika kurasa 46, walichanga shilingi 30,000 kila mmoja, jumla 210,000, zikatosha nakala 30 kwa mchapaji wa Nasser Road. Wangeuza kila nakala 15,000. Mbunifu alipiga picha ya jalada likiwa bado mezani kwa mchapaji, akaituma kwa furaha. Juu, jina la mchezo. Chini, “Kimetungwa na”, na jina lake peke yake. Ndani, michoro minne ya Mchoraji. Mchoraji hakujibu kitu. Mwenye Shanga aliandika, “Hongera kaka,” kisha akajitoa kwenye kundi.

Wiki hiyohiyo nakala moja ilikwenda Jinja kwa teksi, kwa vijana watano ambao hawakuwahi kumwona Mbunifu. Walicheza, wakarekodi sauti, wakaacha baada ya saa moja na nusu. Nimeisikiliza rekodi hiyo mara tatu. Mchezaji wa kwanza anarusha, anapata 5. Msimulizi wao anafungua kitabu, karatasi zinasikika. “Imeandikwa, ‘Msimulizi aeleze kinachotokea.’ Nieleze nini?” Anabuni jambo, wanaendelea. Wa pili anapata 4, wa tatu 6. Hapo mmoja anakumbuka kuna shanga. Wanatafuta, wanapata sentensi moja, ukurasa wa 31: “Mchezaji anaweza kumpa mwenzake shanga, kama kawaida.” Kimya kidogo, kisha sauti ya msichana, bila ubaya wowote: “Kawaida ya nani?”

## Maamuzi, na sababu zake

Mbunifu alinipigia simu akiwa na misiba miwili, kwa maneno yake: rafiki zake wamemkasirikia na mchezo wake haufanyi kazi. Aliiona kama mambo mawili yaliyogongana kwa bahati mbaya. Mimi pia niliyaona hivyo mwanzoni.

Kikao cha kwanza nilikiharibu. Nilikuja na Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006, nikaanza kwa kueleza kwamba sheria hiyo hailindi wazo, wala njia ya kufanya jambo. Inalinda kazi iliyowekwa katika umbo la kushikika, maandishi au mchoro au sauti iliyorekodiwa. Nilidhani nikiweka mipaka wazi hasira zitashuka. Niliona uso wa Mbunifu ukilegea, kisha nikaona Mwenye Shanga akichukua mkoba wake. “Mwalimu,” akasema, “mimi sikuja kuuliza sheria. Nimeuliza kwa nini hakuniuliza.” Akatoka. Nilikuwa nimemwambia, mbele ya watu wote, kwamba hana kitu.

Na kwa upande wa Mchoraji, aliyekaa kimya muda wote, sheria ilikuwa na mengi ya kusema ambayo sikuwa nimeyafikia. Michoro yake ilikuwa kazi kamili iliyokwishakuwepo. Kumpa mtu karatasi kama zawadi hakumpi ruhusa ya kuichapa na kuiuza. Aliyeumia kwa sauti alikuwa na hoja dhaifu kisheria, na mwenye hoja nzito hakusema lolote. Tangu hapo sipimi tena uzito wa dai kwa ukali wa anayelidai.

Kabla ya kikao cha pili niliwaomba wote waje na rekodi ya Jinja masikioni. Tuliisikiliza pamoja tena. Ilipofika “Kawaida ya nani?” Mwenye Shanga, niliyekwenda kumwomba radhi nyumbani kwao, akaanza kujibu kwa sauti kana kwamba yule msichana yuko chumbani: shanga hutolewa baada ya dadu kutua, si kabla, mtoaji lazima aseme mhusika wake anafanya nini, deni likidaiwa haliwezi kukataliwa, ila linaweza kuahirishwa mara moja. Alisema dakika kumi. Hakuna hata moja ya mambo hayo iliyokuwamo kitabuni. Mbunifu alikuwa ameshika kalamu, akaiweka chini, akamwambia, “Dada, andika wewe.”

Huo ndio ulikuwa uamuzi mkubwa. Mwenye Shanga angeandika sura ya shanga mwenyewe, kwa maneno yake, na jina lake likae juu ya sura na kwenye jalada. Kwa njia hiyo alipata kitu ambacho sheria inakitambua, yaani maandishi yake, na kitabu kikapata kilichokosekana.

Mengine yalikwenda haraka. Mchoraji aliulizwa kama anataka michoro ibaki kwa malipo, alikataa, ikaondolewa. Nakala 30 zikawekwa kando zisiuzwe kamwe, na Mbunifu akakubali kuwarudishia wenzake michango yao. Nilipopitia kitabu niligundua pia kurasa tatu za viumbe zilizotafsiriwa kutoka kitabu cha kulipia cha Dungeons & Dragons. Mbunifu aliamini kwamba ukigeuza kwa Kiswahili inakuwa yako. Haiwi, tafsiri nayo inahitaji ruhusa ya mwenye kazi. Angeweza kuchukua viumbe vilivyomo kwenye zile kanuni zilizowekwa wazi 2023 na kutaja chanzo, lakini tuliona Mkuki hauhitaji viumbe wa kigeni hata kidogo. Tembo anatosha.

Ubishi mmoja wa dhati ulitokea juu ya simulizi. Mwacholi na mmoja wa West Nile, Mwalur, hawakukubaliana ni ndugu yupi alikuwa wa kwanza kukosa huruma. Waliamua kuchapa simulizi zote mbili, ukurasa kwa ukurasa zikitazamana, na msimulizi achague kabla ya kuanza.

Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi moja, wakatia saini wote: gharama za uchapaji zirudi kwanza; kinachobaki, nusu ni ya Mbunifu, robo ya Mwenye Shanga, robo iingie mfuko wa kikundi. Majina ya wote saba, Mchoraji akiwamo, yakae ukurasa wa ndani chini ya maneno “Mchezo huu ulizaliwa mezani kwa”.

## Matokeo

Toleo la pili lina kurasa 58, sita kati yake za shanga. Zilichapwa nakala 50, na hadi naandika hivi 34 zimeuzwa. Kundi la Jinja lililicheza likamaliza kisa kizima kwa jioni mbili. Mbunifu alimaliza kurudisha michango baada ya miezi minne.

Mchoraji hakurudi. Anasalimiana na wote, alihudhuria hata harusi ya mmoja wao, lakini mezani haketi tena. Aliniambia alichora kwa ajili ya watu sita, na alipoona michoro kwenye kitabu cha kuuzwa alihisi kama barua yake imesomwa redioni. Sina jibu la hilo. Najua tu kwamba swali moja fupi, wiki moja kabla ya kwenda Nasser Road, lingetosha.

## Uchambuzi

Ugomvi na kitabu kibovu havikuwa misiba miwili. Vilikuwa kimoja. Mchezo wao haukuwa umeandikwa. Uliishi midomoni mwa watu saba na kwenye kundi la simu. Kwa kuwa haukuandikwa, mgeni wa Jinja hakuweza kuucheza. Na kwa kuwa haukuandikwa, hakuna aliyeweza kuonyesha sehemu yake, hadi siku mtu mmoja aliposhika kalamu na kila kitu kikaonekana kuwa chake.

Tuangalie hesabu. Dadu mbili zina njia 36 za kutua. Sita kati yake huleta 10 au zaidi, 15 huleta 7 hadi 9, na 15 huleta 6 au chini. Yaani bila msaada mchezaji anashindwa mara 15 kati ya 36, zaidi ya mara mbili katika kila tano. Ushanga mmoja unashusha kushindwa hadi mara 10 kati ya 36. Nyumbani shanga zilizunguka kila wakati, kwa hiyo hawakuwahi kuhisi ukali wa hesabu ile. Jinja, bila shanga, waliuona wote. Kanuni ambayo Mbunifu aliipa sentensi moja ndiyo iliyobeba mchezo mzima, na aliyeileta hakuwa hata kwenye jalada. Mtu asome hapo jinsi majaribio mazuri yanavyofichua deni la shukrani pamoja na kosa la ufundi.

Na kushindwa kwenyewe hakukuelezwa. Mbunifu ni msimulizi hodari. Mtu akipata 4 yeye ana jambo tayari, mto unafurika, mamba anageuka, jirani anawasha moto ng’ambo. Mwaka mzima wenzake walikuwa wakimcheza yeye wakidhani wanacheza kitabu. Ndiyo maana nasisitiza kwa kila kijana anayeniletea mswada: mpe watu usiowajua, ukae mbali, usijibu simu. Mara tano za marafiki mezani kwako hazifikii mara moja ya namna hiyo. Jaribio la Jinja lilikuwa uamuzi bora kuliko yote ya Mbunifu. Kosa lilikuwa kulifanya baada ya kuchapa badala ya kabla.

Kilichofaulu katika usuluhishi ni kumpa Mwenye Shanga kazi. Fedha na shukrani ukurasani vilikuja juu ya hiyo. Laiti ningeanza na asilimia, naamini tungekuwa tunabishana hadi leo, maana alichokidai kilikuwa kuulizwa. Sheria ina nafasi yake, na mahali pake ni mwishoni, watu wakishajua wanataka kuishi vipi pamoja, ili karatasi iseme walichokubaliana. Kwa Mchoraji nilipaswa kufanya kinyume: kumweleza mapema, peke yake, haki aliyonayo, ili akikataa au akikubali awe anajua. Nilichelewa.

Kikundi kingefanya nini tofauti? Daftari moja la mezani lingesaidia kuliko mkataba wowote. Tarehe, kanuni iliyobadilika, aliyeipendekeza, mistari miwili kila Jumamosi. Sasa wanalo, na huliandika kwa zamu.

Kuna jambo moja bado halijaamuliwa. Kundi la Jinja limetunga kisa chake juu ya Mkuki, kuhusu wavuvi wa Ziwa Victoria, na linaomba ruhusa ya kukichapa na kukiuza. Mwenye Shanga ameshasema lake: sura yake waitumie, mradi waandike ilikotoka. Mbunifu ameomba muda hadi nakala 16 zilizobaki ziishe. Wale wa Jinja wanasubiri, na huku wanaendelea kucheza.